Gome la Upande Mmoja

Milembe mwanangu,

Marahaba. Naanza kwa kuitikia kabisa, maana najua ungeanza na shikamoo, na leo sitaki tukae kwenye salamu kama wazee wawili waliokutana mnadani.

Naandika hapa dukani Nyasubi. Jua bado lipo, na wewe uko nyumbani unapanga sanduku. Mlango wa mbele nimeufunga nusu ili watu wadhani nimesafiri. Watatu wameshachungulia. Mmoja ameuliza, "Dokta Gome yupo?" Nimemjibu mwenyewe, "Hayupo." Akasema ahsante, akaenda. Ndio wateja wangu hao.

Mambo ya sweta, ya kutunza pasipoti, ya kula vizuri, ya kutobeba mzigo wa mtu uwanja wa ndege, majirani wote wameshakueleza, hata wale ambao hawajawahi kupanda kitu zaidi ya baiskeli. Mimi sikuongezei. Na unajua ningeweza. Baba yako ametembea. Nimelala Bukavu, nimekula samaki Kampala, nimevuka ziwa kwa boti iliyokuwa inaingiza maji huku mimi nawaimbia abiria. Nimeongea Kifaransa na askari wa Kongo mpaka akanipa sigara, na Kifaransa chenyewe sikijui. Darasa la sita nilitoka mwezi wa nne, sikurudi, na bado watu wenye digrii zao waliniita dokta. Ila Ubelgiji sijafika. Hapo umenishinda. Nakubali, lakini usizoee.

Unaona? Nimeanza kujisifu hata karatasi haijafika katikati. Basi niseme haraka kilichonifungisha mlango. Kesho unaondoka na mzigo ambao si wako. Nilikutwika mimi ukiwa na miaka kumi na miwili, mbele ya watu, ukaubeba mpaka chuo kikuu, na naona umeupanga kwenye sanduku pamoja na nguo. Nataka niutoe kabla hujapanda basi.

Nianze na bibi yako, mama yangu, maana dawa ilikuwa yake. Hakuwa mganga wa kupiga ramli. Alikuwa mtu wa vidonda. Mtu akijikata na jembe, ng'ombe akichomwa na mti, wanamletea. Mti wenyewe unaujua, siutaji hapa, karatasi hupita mikono mingi. Alikuwa anauendea uliosimama, mzima, anausalimia kwa Kisukuma kwa adabu kama mtu anayemsalimia mkwewe, halafu anabandua kipande kimoja upande jua linakotoka na kingine upande linakozama. Basi. Palipobanduliwa anapaka tope. Nyumbani anatwanga, analoweka kwenye kibuyu kwa maji ya mtungi, yanalala humo mpaka asubuhi. Moto haukuhusika. Nikiwa mdogo nilimuuliza, "Mayu, mbona usichemshe tu iwahi?" Akaniangalia. "Bebe, wewe," akasema, "umeambiwa hiki ni maharage?"

Ungedhani hapo nilisikia. Nilikuwa na miaka kumi, nilisikia. Nilipofika thelathini na nane nikawa nimesahau, au nimekuwa mjanja, na kwangu mimi hivyo viwili vimekuwa vikitembea pamoja maisha yote.

Kule Geita sikuwa mchimbaji, hilo unalijua. Kuingia kwenye duara nilijaribu wiki moja, nikaona lile shimo halina heshima kwa mtu mrefu. Nikawa muuza matimba, zile nguzo za miti wanazopanga kwenye kuta za duara zisiporomoke. Bila matimba hakuna dhahabu, na bila Maige hakuna matimba: nilikuwa naisema kila siku mpaka wachimbaji wakawa wananimalizia. Nguzo kabla haijashushwa chini hubanduliwa gome, maana gome likilowa huko chini linaoza na nguzo inateleza. Kwa hiyo nyuma ya kibanda chetu palikuwa na kilima cha magome yanayovunda. Siku moja nikaona humo gome la mti wa bibi yako. Mti mzima umeangushwa, umekuwa nguzo, gome limetupwa. Nikasema, Maige, unalala juu ya dawa na hujui.

Nikatafuta pipa. Nikalijaza magome na maji, nikawasha kuni chini yake, likatokota mchana kutwa, likatoa maji mekundu mazito yenye povu. Watu wa machimbo wanapenda kitu kinachotokota. Ile ya kibuyu wangesema ni maji ya kunawia miguu. Nikajaza kwenye chupa, nikapanda juu ya gogo, nikatangaza mpaka sauti ikakauka. Wakanunua. Wengine wakapona. Vidonda vingi hupona vyenyewe, hilo ulikuja kunifundisha wewe baadaye, na siku hiyo ulinikata maini, lakini wakati ule kila aliyepona niliandika jina langu juu yake. Nikawa Dokta Gome.

Sasa mama yako.

Alikuwa mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa mawe yaliyosagwa. Koleo lilimponyoka mwenzake likamwangukia mguu wa kushoto, juu, karibu na kidole kidogo. Kidonda chenyewe hakikuzidi njiti ya kiberiti. Alikuja anachechemea huku anacheka. "Baba Milembe," akasema, "mteja huyo, tena wa bure."

Kwa wateja nilikuwa na pipa. Kwa mke wangu nikataka ile ya kweli. Hapo ndipo panaponishangaza mpaka leo, kwamba nilijua kuna tofauti. Nikakutuma wewe ukatafute mti uliosimama. Karibu na kambi miti hiyo ilikuwa imekwisha, tumeimaliza sisi, mimi wa kwanza. Ulitembea mpaka ng'ambo ya korongo. Ukarudi jua limelala, shavu limevimba, umekumbatia gome kifuani.

"Baba, upande wa jua kutoka kuna nyuki. Nimechukua wa jua kuzama tu."

"Haina neno."

"Nirudi kesho na moshi?"

"Nimesema haina neno. Twanga, uloweke."

Ukatwanga, ukaloweka. Kwenye kibuyu, kwa maji ya mtungi, kama bibi yako alivyokuonyesha. Kila ulichofanya siku ile ulikifanya sawa.

Asubuhi ulikwenda shule. Nikakifungua kibuyu. Maji yalikuwa yamebadilika kidogo tu, kama chai ya mtu aliyeishiwa majani. Nikaonja, yakanikwaruza ulimi. Na nikaona haya, mwanangu. Nikafikiria watu watakaokuja kumpa mama yako pole, watamkuta Dokta Gome anamwosha mkewe kwa maji yasiyo na hata povu. Nikayamimina kwenye sufuria, nikaweka jikoni, nikachemsha mpaka yakawa mekundu kama ya pipa. Hayo ndiyo niliyomwoshea. Wewe hukujua, yeye hakujua. Kibuyu nilikisuuza nikakirudisha mahali pake.

Siku ya pili mguu ulivimba. Siku ya tatu homa ikapanda. Hamisi, yule dereva wa Fuso, mtu wa Tanga, alikuwa ameleta matimba. Akamwona mama yako amekaa mlangoni, akanivuta mkono, lakini hakunivuta mbali, kila mtu alisikia.

"Baba Milembe, gari tupu hili, narudi Geita mjini sasa hivi. Mpakie shemeji twende hospitali."

"Hamisi, wewe endesha gari. Vidonda niachie mimi."

"Mguu unanuka, kaka."

"Unanuka dawa."

"Mimi si daktari, lakini pua ninayo."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikampiga Hamisi begani. Walikuwepo wachimbaji wanne wamekaa kwenye matimba yangu, wateja wangu hao, na wiki ile ile nilikuwa nimewaapia kwamba tangu nimuoe mke wangu hajakanyaga hospitali, haijui hata rangi yake. Sasa nimpakie kwenye Fuso mbele yao?

Mama yako akasema, "Baba Milembe, si twende tu?" Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Nikamwambia, "Kesho."

Hamisi akaondoka na gari lake tupu.

Kesho yake nikamwosha tena. Siku ya tano ndipo nilipompakia, kwenye gari la mtu mwingine, akiwa hajui anapelekwa wapi. Nesi akafunua kanga, akaangalia, akaifunika taratibu. Akaniuliza, "Mlikuwa wapi siku zote hizi?" Nikamjibu, "Foleni, sista." Nilimtania, Milembe. Mke wangu amelala pale, nami nafanya utani na nesi. Hakucheka. Alfajiri yake mama yako alifariki, na mimi nilikuwa nje natafuta vocha ya simu.

Nakuandikia haya kama ninavyoandika bei za misumari. Sijivunii. Kuna kitu kilikufa ganzi tangu siku ile na hakijaamka. Matangani nilikula ugali wote walioniwekea. Watu wakalia, mimi nikawa naangalia kiti cha plastiki kilichoshonwa kwa waya, nawaza aliyekishona alitumia koleo au meno. Usidhani nilikuwa jasiri. Ulinikuta mara nyingi nimekaa ukadhani ninawaza. Siwazi. Huwa nimekaa tu. Hizi kelele zangu zote, hizi hadithi za Bukavu, nazisimulia ili nyumba isikae kimya, lakini ndani yake hamna mtu anayecheka.

Matanga yalikuwa Maganzo, kwao, tulikomzika. Siku ya tatu, watu wamekaa kusubiri chakula, mjomba wako Shija akaniuliza. Hakupandisha sauti, unamjua, kaka mtu yule hata akikasirika anaongea kama anayenunua sukari.

"Bebe Maige. Hiyo dawa yako ilishindwaje na kidonda cha koleo?"

Wewe ulikuwa unazunguka na birika na beseni, unawanawisha watu mikono. Nilikuona. Sitakuambia kwamba sikukuona. Nikajibu:

"Dawa haina tatizo. Mtoto alichukua gome la upande mmoja."

Hukuacha kumimina. Mikono ya shangazi yako mmoja ilishatakata, na wewe bado unamimina, mpaka akakuambia, "Basi, mama, imetosha." Ukahamia kwa mwingine. Ulimaliza mstari wote.

Baada ya hapo hata sikuhitaji kusema tena. Walisema wenyewe. Aliogopa nyuki, mama yake akafa. Kila harusi, kila msiba, kulikuwa na mtu wa kukukumbusha kwa mzaha. "Huyu ndiye wetu wa upande mmoja," wanacheka, wanakukumbatia. Na mimi nakaa palepale nakunywa soda. Neno moja tu lingewafunga midomo wote, na nilikuwa nalo mfukoni.

Tukahamia huku Kahama, ukapenda sayansi. Nikatangaza Kahama nzima kwamba kichwa umechukua kwangu. Kumbe sikujua unakwenda kutafuta nini huko. Nilianza kujua mwaka ule uliporudi na kile kiboksi cha barafu, ukanilazimisha nikupeleke kwenye mti. Ukabandua mashariki, ukabandua magharibi, ukabandua kaskazini na kusini, vipande vidogo kama ukucha, ukaandika kwenye vifuko. Nikakuambia bibi yako anakuona. Ukasema, "Acha aone, naye alikuwa mtafiti." Halafu miezi mingi baadaye ukaja ukakaa hapa dukani, pale palipo na zile kamba sasa, ukaniambia:

"Baba, nimepima. Pande zote ni sawa."

"Sawa vipi?"

"Protini zilizomo ni zilezile. Mashariki, magharibi, mti haujali."

"Bibi yako angekuchapa."

"Angenielewa. Ukimwambia mtu pande mbili tu, hazunguki mti mzima na kisu. Mti unabaki hai. Hiyo ndiyo maana ya zile pande mbili, baba, dawa haihusiki."

Ukanieleza ulivyosaga gome kwenye barafu, na kwamba kile kinachokwaruza ulimi huwa kinazing'ang'ania protini zikawa tope lisilofaa, mpaka ukitenge kwanza, kazi ya wiki na wiki. Ukaniambia uliweka tone kwenye sahani yenye vijidudu vya usaha, pakabaki duara safi ambapo hawakuota. Halafu ukachemsha sehemu ya maji yaleyale, ukaweka tone, na wakaota mpaka katikati.

"Kwa nini?" nikauliza. Nilijua sitalipenda jibu.

"Kama yai. Ute wa yai ukishaiva, hata ukiulaza kwenye barafu hauwi ute tena. Protini inafanya kazi kwa jinsi ilivyojikunja. Moto unaikunjua, nayo haijui kurudi."

"Kwa hiyo pipa langu..."

"Pipa lako lina rangi, baba. Na uchungu." Halafu ukanyoosha kidole, kama mwalimu mkuu. "Lakini usipande juu ya gogo ukatangaza ile ya baridi. Sahani si mguu wa mtu. Sijui kama mwilini inafanya chochote, sijui kama haina sumu. Hiyo ndiyo nataka kwenda kuitafuta. Mtu mguu ukivimba na homa ikaja, ni hospitali, siku hiyohiyo."

Siku hiyohiyo. Ulisema hivyo, hukujua unamwambia nani.

Nikafanya utani, nikasema basi nitaandika mlangoni Maabara ya Maige. Ukacheka kidogo. Halafu ukawa unaangalia mikono yako, ukasema polepole, si kwangu:

"Kwa hiyo haikuwa upande. Basi labda sikutwanga vizuri. Au mtungi ulikuwa na maji ya jana."

Pale, Milembe. Pale ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Ulikuwa umepima mti mzima, umeliona kosa uliloshikishwa halipo, na badala ya kulitupa ukaanza kutafuta lingine la kukaa mahali pake. Na mimi nilikuwa nakuangalia. Nikainuka nikakuletea soda.

Wiki ile nilimwaga pipa. Ndiyo sababu nauza majembe na kamba. Anayekuja na kidonda namwonyesha njia ya zahanati, ila jina limeganda, wananiita dokta hata wakinunua misumari. Nilidhani kumwaga pipa kunatosha. Ni rahisi sana kuacha kosa. Kulisema ndiko kugumu, na mimi nilifanya lile rahisi nikajiona mtu mzima.

Juzi nilipita mezani kwako. Daftari lako la kwenda nalo lilikuwa wazi. Umeandika juu: kutwanga, maji, muda wa kuloweka. Kila moja na alama ya kuuliza mbele yake. Najua mambo hayo yanapimwa, ndiyo kazi yenu. Lakini nakujua. Nimekulea. Zile alama za kuuliza hazikuwa zote za kisayansi.

Kwa hiyo soma hapa. Ulitwanga vizuri. Maji yalikuwa safi, niliyachota mimi. Yalilala usiku kucha. Nilichemsha mimi.

Na nisikudanganye tena kwa kukupa kosa dogo nifichie kubwa. Nilifikiria kukuandikia ule moto tu, niishie hapo, ungeona ni bahati mbaya ya mtu asiyejua protini. Hapana. Hata ningemwoshea ile ya baridi, wewe mwenyewe umesema hujui kama ingefaa kitu. Mama yako hakufa kwa gome, wala kwa jiko langu. Gari lilikuwepo mlangoni, tupu, na dereva anabembeleza, na yeye mwenyewe aliomba twende. Mimi nikasema kesho kwa sababu wateja wanne walikuwa wanatuangalia. Hakuna maabara itakayopata sababu nyingine. Nenda Ubelgiji ukatafute kinachoponya, utafute na sumu kama imo, ukipata jina, ni sifa yako. Kosa lako usilitafute kwenye lile gome, mwanangu. Utamaliza miaka yote huko na hutalipata, maana halikuwahi kuwekwa.

Kama kuna kitu naweza kukupa cha kwenda nacho ni hiki kimoja, na sijakipata kwenye kitabu. Itafika siku utakuwa umesema jambo mbele ya wakubwa wako, umelisema kwa kujiamini, halafu sahani itakuonyesha jambo jingine. Sema umekosea asubuhi hiyohiyo, kabla ya chai. Kabla ya chai unaona aibu kidogo tu. Chai ikipita, ulimi unakuwa mzito. Wiki ikipita utajikuta unaangalia huku na huku, unatafuta nani aliyeshika birika.

Jana sikwenda Shinyanga kuchukua mzigo. Nilikwambia uongo mmoja tena, wa mwisho nadhani. Nilikwenda Maganzo kwa mjomba wako. Nilimkuta barabarani kwenye meza yake, ana ile lenzi jichoni, mbele yake wachimbaji wawili wanasubiri aseme kama ni almasi au chupa iliyovunjika. Nikamsalimia. Akaitikia bila kuinua kichwa.

"Shemeji, nina neno. Nataka waliokuwepo matangani wawepo."

"Wengine wameshakufa."

"Waliobaki."

Akatoa lenzi. Akatuma watu. Wakaja saba, na yule shangazi uliyemnawisha, aliyeolewa hukohuko, akiwemo. Unajua mimi nikisimama mbele za watu huwa natafuta pa kupanda. Jana nilisimama chini. Nikasema: Milembe aliniambia kuhusu nyuki, nikamwambia haina neno. Aliloweka sawasawa. Mimi nilichemsha. Gari lilikuwepo, nikalikataa. Mke wangu Holo aliomba twende, nikamwambia kesho. Halafu nikamsingizia mtoto, naye amesimama pale na birika.

Nilimaliza haraka kuliko nilivyofikiri. Miaka kumi na mitatu, na kumbe ni maneno ya dakika moja.

Shangazi yako akasema, "Na ukatuacha tumcheke."

"Ndiyo."

"Ukawa unacheka na sisi."

"Ndiyo, dada."

Nilikuwa nasubiri Shija anipige. Nadhani nilitaka anipige, nione kama nitasikia. Hakunipiga. Alifuta lenzi kwa shati, muda mrefu, akasema kwa ile sauti yake ya kununua sukari:

"Basi la keshokutwa, likifika hapa mpwa wangu ashuke. Tutakuwa barabarani sote. Kila mmoja atamwomba radhi kwa mdomo wake. Alale hapa kwa mama yake, ndege yake si ya siku inayofuata? Nitampeleka Mwanza mimi." Akawarudia wale wachimbaji, akachukua jiwe lao. Halafu akasema, "Wewe usije."

Kwa hiyo ile safari tuliyopanga, mimi na wewe mpaka uwanja wa ndege, mimi nikiwatania wale wa ukaguzi, haipo. Mimi naishia stendi ya Kahama. Utashuka Maganzo, watakusubiri. Wasikilize. Usiwaambie haina neno. Mtu akikuomba radhi, mwache amalize.

Barua hii nilikuwa nimeamua kuichomeka chini ya sanduku, uje uikute huko mbali, mimi nikiwa salama huku na majembe yangu. Nimebadilisha. Nakuja nayo nyumbani sasa hivi, nitakupa mkononi, halafu nitakaa nje. Usome mpaka mwisho.

Kama una neno, toka uniambie, hata liwe kali kiasi gani. Sijui nitasikia nini, huenda nisisikie kitu, lakini sitatania. Kama huna neno, lala, una safari. Saa kumi na moja alfajiri nitabeba sanduku lako mpaka stendi. Nitatembea nyuma yako, sitafungua mdomo, sitakuuliza kitu, sitawasimulia makondakta kwamba binti yangu anakwenda Ubelgiji. Nitaliweka sanduku kwenye buti la basi na kurudi pembeni, na kama hutageuka kuniangalia, nitajua ni haki yako.

Baba yako,
Maige